Kisa cha Sibiloi: nani alipe siku ya sita?

Kisa hiki kililetwa kwangu kama kesi ya pesa. Watu watano wa Nakuru walikodi Land Cruiser na dereva wake kwa siku 5, wakaenda kupiga kambi na kutembea katika Mbuga ya Kitaifa ya Sibiloi, ukingo wa mashariki wa Ziwa Turkana, wakarudi siku ya 6. Mwenye gari anadai Sh18,000 za siku hiyo ya ziada. Mweka hazina wa safari anasema mvua haina mwenyewe, kwa hivyo mwenye gari naye abebe nusu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye ndiye mwenye sauti nzito kati yao, anasema dereva angevuka laga (mto wa msimu, ambao siku nyingi ni mchanga mkavu) Jumatatu jioni pasingekuwa na deni lolote la kuzungumzia. Waliposhindwa kuelewana wakamtafuta mtu ambaye hakuwemo garini, na kwa kuwa huwa naongoza watu kupanda Mlima Longonot na kuteremka kreta ya Menengai, jina langu likatajwa.

Nilizungumza na kila mmoja peke yake, dereva pia. Nikaona daftari la ratiba, risiti za mafuta na video fupi iliyopigwa na kijana mmoja wao, fundi wa simu pale mjini. Majina nimeyaacha. Nakuru imekuwa jiji siku hizi lakini bado kila mtu anamjua shemeji ya mtu.

Niseme mapema ninakosimama: wote watatu wanabishana kuhusu Jumatatu jioni, na Jumatatu jioni ndiyo sehemu ya safari waliyoifanya vizuri kuliko zote.

Ratiba ilivyokuwa

Wazo lilikuwa la mwalimu. Anafundisha historia, na kila mwaka huwaeleza watoto wa kidato cha kwanza kuhusu Koobi Fora, mahali ambapo mwaka 1972 Bernard Ngeneo aliona vipande vya lile fuvu la mtu wa kale linalojulikana kwa nambari 1470, naye hajawahi kufika. Mbuga yenyewe ilitengwa mwaka 1973, kwa sehemu kubwa ili kulinda mabaki hayo. Ina kilomita za mraba 1,570 za mawe meusi, mchanga na nyasi fupi kavu, na tangu 1997 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Kuna choroa, kuna punda milia, kuna mamba ziwani. Kuna pia miti iliyogeuka mawe mamilioni ya miaka iliyopita, ambayo ndiyo hasa kijana wa simu alitaka kuipiga picha.

Walichagua wikendi ya Mashujaa (Oktoba 20), sikukuu ilipoangukia Ijumaa, wakaomba ruhusa kazini ya Jumatatu na Jumanne. Daftari linasema hivi: Ijumaa kuondoka saa kumi na moja alfajiri, kupita Nyahururu, Rumuruti, Maralal, Baragoi na South Horr, kulala Loiyangalani. Jumamosi kujaza maji Loiyangalani na kuingia mbugani mapema alasiri. Jumapili asubuhi matembezi kwenye miti ya mawe, jioni Koobi Fora. Jumatatu kurudi Loiyangalani. Jumanne Nakuru. Jumatano kazini.

Kutoka Nakuru hadi Loiyangalani ni zaidi ya kilomita 400. Hadi Maralal ni lami, na mtu wa Nakuru huiendesha bila kufikiri. Baada ya Maralal mambo ni mengine: gari linaruka juu ya mawe, na kilomita 40 zinaweza kula saa mbili. Unateremka pia. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko kama mita 360. Mwili ulioamkia kwenye sweta unalala kwenye joto ambalo mchana hupita nyuzi 35.

Nimeihesabu ratiba hiyo mara kadhaa na haina kosa la hesabu. Saa zinatosha. Shida ni kwamba zinatosha kamili, hakuna hata moja inayobaki. Kitu chochote kitakachochelewa Ijumaa lazima kilipwe na Jumamosi, na cha Jumamosi kilipwe na Jumapili, mpaka mahali fulani barabarani deni linakutana na kitu kisichokopesheka.

Deni lilivyokua

Ijumaa waliondoka saa mbili asubuhi. Mtungi wa gesi ulikuwa haujajazwa, na mmoja wao (hawakubaliani ni nani) alikuwa bado anafunga begi kule Kiamunyi. Saa tatu zimepotea kabla gari halijatoka mjini. Kati ya Baragoi na South Horr wakapata pancha, na dereva, kwa akili njema, akakataa kuendelea usiku baada ya kubadilisha gurudumu akiwa amebaki bila spea. Wakalala South Horr. Asubuhi ikabidi pancha izibwe kwanza.

Kwa hivyo Jumamosi ikabeba kazi ya siku moja na nusu. Walifika lango la mbuga la Karsa jua likizama, wakasimamisha mahema gizani, kwenye upepo. Watu wanaojua ziwa lile watakuambia kuhusu upepo wake kabla ya kukuambia kuhusu mamba. Unavuma kutoka kusini mashariki, na usiku unaongeza nguvu. Mitambo 365 ya umeme wa upepo iliyo kusini ya Loiyangalani haikuwekwa pale kwa bahati. Vigingi vya hema walivyonunua mjini ni vile vyembamba vya bati, vizuri kwa nyasi za Naivasha. Kwenye mchanga vikang'oka, kwenye mwamba vikapinda. Mwishowe wakafunga kamba za mahema kwenye mawe makubwa, na mahema mawili yakafungwa kwenye gari. Hakuna aliyelala sawasawa.

Jumapili wakaamka wakiwa wamechoka, wakapika chai taratibu, wakaanza kutembea saa nne kasoro badala ya saa kumi na mbili. Hapo ndipo kijana wa simu alipozidiwa.

Huyu kijana si mlegevu. Kila Jumamosi hukimbia kwenye barabara ya Menengai na kurudi. Lakini Menengai unakimbia hewa ikiwa baridi na jasho linakutiririka ukaliona. Kule upepo unalikausha kabla halijafika kwenye nyusi, hivyo mtu anadhani hatoki jasho. Shati lake, alinionyesha picha, lilikuwa na mistari myeupe ya chumvi mgongoni kama ramani. Alikuwa anakunywa maji, tena mengi, maji matupu, na hakuwa amekula kitu chenye chumvi tangu jana yake. Kufikia saa sita misuli ya mapaja ikamkaza, kichwa kikagonga, kichefuchefu kikaja.

Nesi wao, ambaye wote wanamwita sista, alimkalisha kwenye kivuli cha turubai lililoshikwa na watu wawili, kwa sababu msitu wa mawe hauna kivuli. Akamuuliza leo ni siku gani, shule ya msingi alisoma wapi, mama yake anaitwa nani. Kijana akajibu yote, kwa sauti ya kukasirika. Sista akatulia kidogo. Alikuwa anapima mpaka kati ya mambo mawili. Mtu aliyechoshwa na joto bado ana akili zake. Ukianza kuona amechanganyikiwa, anaongea ovyo au anaanguka, joto la mwili limepita nyuzi 40 na hiyo ni dharura ambayo mahali pale, bila mtandao wa simu na bila hospitali ya karibu, huenda usiiweze. Wakamlowesha shati na kuuachia upepo ufanye kazi. Akamchanganyia lita moja ya maji na vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kwa funda ndogo ndogo. Baada ya saa moja na ushei aliweza kutembea mpaka kwenye gari.

Mwenye duka aliniambia jambo hilo kama kisa cha kuchekesha. Mimi sikulicheka, kwa sababu ya kilichofuata: alasiri yote ya Jumapili ikaenda kwenye kumpumzisha kijana, Koobi Fora haikuonwa, na mwalimu, aliyeota safari hiyo miaka yote, akaomba waende Jumatatu asubuhi kabla ya kuanza kurudi. Nani angemkatalia? Wakaenda. Walipogeuza gari kuelekea kusini ilikuwa inakaribia saa saba mchana.

Jerikani mbili

Kabla ya kufika kwenye laga lazima nitaje maji, maana bila hilo Jumatatu ingekuwa habari nyingine.

Tangu Juni 5, 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kuingia katika mbuga zetu. Sheria nzuri, na ina faida ambayo sijasikia ikitajwa: inamlazimisha mtu kuhesabu maji kwa jerikani. Ukibeba katoni za chupa unahesabu katoni. Ukibeba jerikani unahesabu lita. Mweka hazina alihesabu lita 5 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, watu 6 pamoja na dereva, na lita 10 za kupikia na kunawa. Lita 40 kwa siku, siku 3 kutoka Loiyangalani mpaka kurudi Loiyangalani, jumla lita 120. Jerikani 6 za lita 20. Hesabu safi, na ina ugonjwa uleule wa ratiba.

Pale Loiyangalani, kwenye chemchemi zinazolisha ile minazi pori, sista alidai jerikani mbili zaidi. Nafasi haikuwepo. Mwenye duka alikuwa na kreti ya soda na gunia la makaa la kuchomea nyama. Ugomvi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba watu wawili walinisimulia bila kuulizwa.

"Sista, tunaenda ziwani. Ziwa zima liko pale."

"Hilo ziwa ni magadi, mzee. Wewe kunywa, mimi nitakuandikia ripoti."

Gunia la makaa likabaki Loiyangalani. Ni kweli wenyeji wanakunywa maji ya ziwa hilo pale wanapokosa mengine, lakini yana chumvi na magadi na floridi nyingi, na mgeni aliyeishiwa maji mwilini hana haja ya kuanzia hapo.

Moja kati ya jerikani nane ilivuja njia nzima. Kifuniko kilikuwa kimefungwa vizuri ila kinapogongwa na mawe kutwa kinalegea chenyewe. Dawa ya zamani ilikuwa kuweka kipande cha karatasi ya nailoni chini ya kifuniko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 karatasi hiyo haipatikani kirahisi, na dereva hutumia duara la mpira lililokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Alikuwa ameyaweka kwenye jerikani zake sita. Zile mbili za sista zilinunuliwa palepale, hazikuwa nayo.

Laga

Njia ya kutoka mbugani kwenda Loiyangalani inakata laga nyingi zinazoteremka kuelekea ziwani. Siku nyingi laga ni mchanga mkavu tu, unaupita bila kupunguza mwendo. Upande wa mashariki kuna Mlima Kulal, unaopita mita 2,200, na mawingu yanayopita juu ya jangwa bila kutoa tone hukamatwa huko juu. Ikinyesha mlimani, udongo wa chini uliochomwa na jua haunywi maji, na hakuna majani ya kuyazuia. Yanateremka yote kwa pamoja. Yule aliye chini, chini ya anga la buluu, anaona mchanga mkavu, kisha anasikia mngurumo.

Walifika kwenye laga hiyo saa kumi jioni. Upana wake, kwa makadirio ya dereva, ni kama uwanja wa voliboli ukiupima kwa urefu. Maji ya kahawia, yakibeba vijiti na povu.

"Dere, haya si maji ya kutuzuia," mwenye duka akasema. "Weka gia ya nguvu twende."

"Mzee, mimi naona ni ya magoti tu," dereva akajibu. Hakuwa amekataa bado. Aliniambia hivyo mwenyewe, na nilimheshimu kwa kusema.

"Magoti ya nani?" sista akauliza. "Umeingia ukapima?"

Dereva alishuka. Hakuingia majini. Alikata kijiti, akakichomeka kwenye mchanga mahali maji yalipoishia, akarudi kuegemea bampa. Hii ndiyo video aliyopiga kijana. Inaonyesha kijiti, mchanga, kiatu cha dereva. Ulimi wa maji unakuja, unakizunguka kijiti, unarudi kidogo, unakuja tena na haurudi. Kijiti kinaanza kutikisika. Kabla video haijaisha kimelala na kwenda. Yaani maji yalikuwa bado yanapanda, na kile walichokuwa wanakiita cha magoti kilikuwa cha magoti ya dakika iliyopita.

Ng'ambo palikuwa na mchungaji na ngamia wake wachache. Alikuwa amefika mapema kuliko wao na alikuwa amewakalisha ngamia chini. Mwenye duka akampungia mkono kuuliza kama panavukika. Yule mtu akainua mikono yote miwili, akaishusha polepole, kisha akaenda kukaa chini ya mgunga. Mwalimu anasema hapo ndipo moyo wake ulipoamua: mtu ambaye ngamia wake wana miguu mirefu kuliko gari lao hakuwa na haraka.

Kijana naye akataja Hell's Gate. Kwa mtu wa Kaunti ya Nakuru hilo halihitaji maelezo marefu. Aprili 2012 watu saba walikufa kwenye lile korongo, na Septemba 1, 2019 wakafa wengine saba, mara zote mbili kwa mafuriko ya ghafla yaliyowakuta humo ndani. Mweka hazina akataja lile basi la wanakwaya lililozama kwenye mto Enziu kule Kitui Desemba 2021, ambapo zaidi ya watu 30 walipoteza maisha. Dereva wa basi lile pia aliyaona maji, na watu walikuwa wamesimama kando wakitazama.

Nguvu ya maji yanayotembea haihitaji kina kirefu. Sentimita 15 zinaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuinua gari dogo. Zikifika 60, hata gari kubwa la magurudumu manne huelea na kusukumwa, kwa sababu bodi yake imefungwa na ina hewa ndani, na gurudumu lisilogusa chini halina gia ya nguvu wala ya unyonge. Magoti ya mtu mrefu yanakaribia hapo. Na chini ya maji yale hakuna ajuaye kama sakafu ya jana ingali pale. Mkondo huchimba mashimo na kuyafunika kwa matope laini.

Hawakuvuka. Kijana alitaka mahema yasimamishwe kwenye kipande cha mchanga laini kando ya laga, na dereva akamkatalia: mchanga laini pale umeletwa na maji, na maji yanaijua njia. Wakarudisha gari nyuma mpaka kwenye mwinuko wenye mawe, wakalala vibaya kwa usiku mwingine. Walikuwa wamebakiwa na jerikani moja nzima na nusu ya nyingine. Bila zile mbili za sista, hata kwa kuondoa iliyovuja, wangelala na nusu jerikani watu sita, na asubuhi mtu mmoja angeanza kuliangalia ziwa kwa macho mengine.

Maji yalishuka usiku wa manane. Mwenye duka analishikilia hili sana: "Unaona? Saa tisa tungeshakuwa Loiyangalani." Nilimwuliza angejuaje gizani kwamba yameshuka na hayarudi. Akasema angejua. Tuliliacha hapo.

Asubuhi maji yalikuwa ya vifundo lakini laga ilikuwa tope. Dereva akatembea kwa miguu akichoma kwa fimbo kila hatua chache, yule mchungaji akaja kutoka ng'ambo akimwonyesha mahali penye kokoto chini, juu kidogo ya njia ya kawaida. Wakatoa upepo kidogo kwenye magurudumu, abiria wote wakashuka na kuvuka kwa miguu, gari likapita bila mtu isipokuwa dereva. Saa tatu asubuhi walikuwa ng'ambo. Mchungaji alipewa sukari na majani ya chai, akauliza kama wana betri za tochi, wakampa.

Jumanne usiku walilala Baragoi, kwa sababu dereva hakukubali kwenda Maralal gizani, na kwa barabara ile na historia ya usalama wake sidhani kuna wa kumlaumu. Jumatano saa tisa alasiri walikuwa Nakuru. Sista alikuwa amekosa zamu, na mwenzake aliyemshikia bado anamdai zamu mbili za usiku. Mwalimu aliandika barua ya kujieleza. Dada yake mweka hazina, aliyeachiwa ratiba na maagizo ya kupiga simu kwa Shirika la Wanyamapori (KWS) ikifika Jumanne jioni bila habari, alikuwa ameshapiga. Huo ndio ukurasa wa daftari usio na dosari.

Pesa

Nilisema Sh18,000 zilipwe na wale watano, Sh3,600 kila mmoja, na dereva asiguswe wala mwenye gari asipunguze hata senti. Gari lilikuwa kazini siku hiyo, likiwabeba wao.

Hoja ya mweka hazina kwamba mvua haina mwenyewe ni ya kweli, ila haimfikii mwenye gari. Mvua za vuli huanza Oktoba. Mtu anayeenda kaskazini wikendi ya Mashujaa anajua, au anapaswa kuuliza, kwamba laga zinaweza kufurika. Siku ya kusubiri ilikuwa gharama ya safari yao tangu siku walipochagua tarehe, na kwa kuwa hawakuiandika kwenye bajeti iliandikwa na laga. Hoja ya mwenye duka nimeshaijibu kwa kijiti cha dereva. Alisema nimependelea. Amelipa.

Walichonibishia kwa haki ni hiki: ukiwapa watu siku tupu, wataijaza. Mwalimu alisema wazi kwamba angekuwa na siku ya 6 angeitumia kwenda Koobi Fora bila haraka. Ni kweli, na ndiyo maana siku hiyo haiwekwi katikati. Inakaa mwishoni, upande wa nyumbani wa kikwazo kikubwa cha mwisho. Kwa safari hii kikwazo ni njia ya kati ya Karsa na Loiyangalani, kwa hivyo watu wanatakiwa wawe Loiyangalani wakiwa bado na siku mkononi. Mambo yakienda vizuri wanakaa hapo, wanatembelea kijiji cha Waelmolo, wanakula samaki. Yakienda vibaya, wameshalipia.

Na kwa siku 5 tu? Sibiloi kwa gari kutoka Nakuru, kwa maoni yangu, haiingii. Mweka hazina alikuwa ameulinganisha mwendo huu na njia ya Kitale hadi Lodwar, inayofika ziwa lilelile upande wa magharibi, akaiacha ya Kitale kwa sababu ni ndefu zaidi. Kutoka Nakuru inapita kilomita 500. Lakini ni lami karibu yote, laga kubwa zina madaraja, na gari likiharibika kuna mabasi. Kuanzia Marich hadi Kainuk kuna ujambazi wa miaka mingi na lazima uulize hali kabla. Ukifika Kalokol unavuka kwa boti hadi Kisiwa cha Kati, ambacho nacho ni mbuga ya kitaifa: kisiwa cha volkano chenye maziwa ya kreta ndani yake, mamba wengi na mwinuko wa kutembea unaomfaa mtu wa Longonot. Hakuna fuvu la 1470, mwalimu alinikumbusha mara mbili.

Wamekubali kujaribu hiyo mwezi wa Februari, kabla ya mvua ndefu. Ratiba mpya ina siku 5 na ya tano imeachwa wazi, kwa sababu upepo wa ziwa ukikasirika hakuna nahodha atakayetoa boti na unaweza kukaa ufukweni kutwa. Juzi mwalimu amenitumia ujumbe akiuliza kama Eliye Springs, kwa kuwa iko njiani, inaweza kuingizwa kwenye siku hiyo ya tano asubuhi tu. Nimemwambia amuulize sista.